Takhmisi ya Gita: Je, Wimbo Uliorudiwa Huweza Kuufikia wa Asili?

Wahenga wametuachia methali mbili zisizoelewana. Ya kwanza yasema kuwa ya kale ni dhahabu. Ya pili yasema kuwa kipya kinyemi ingawa kidonda. Wapenzi wa muziki wa roki wamegawanyika baina ya methali hizo mbili kwa zaidi ya nusu karne. Kila bendi mpya inapouchukua wimbo wa bendi ya zamani na kuurekodi upya, wapo wanaotikisa vichwa wakasema kwamba asili haifikiwi, na wapo wanaoupokea ule mpya kana kwamba wa zamani haukuwahi kuwapo. Kila upande hudai kuupenda muziki, na kila upande hukosea pale pale: huuliza ni upi ulio mzuri zaidi kabla ya kuuliza huyu wa pili amefanya kazi gani juu ya kazi ya yule wa kwanza.

Ushairi wa Kiswahili ulilijua swali hili zamani, kabla gita la umeme halijazaliwa, na ulilijibu kwa kutunga. Jibu lenyewe ni takhmisi. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, yule yule mwenye Al-Inkishafi, alipoyaendea mashairi yanayonasibishwa na Fumo Liyongo, hakuyaiga wala hakujaribu kuyasahihisha. Aliiacha mishororo miwili ya asili isimame kama alivyoikuta, akatanguliza mbele yake mishororo mitatu ya kwake, hata ubeti ukatimia mitano. Sanaa yote ya takhmisi imo katika kiungo hicho baina ya cha mwenyeji na cha mgeni. Mtunzi akishindwa, msikilizaji huusikia mshono. Akifaulu, msikilizaji afikapo kwenye maneno ya kale huyasikia kana kwamba siku zote yalikuwa yakiingoja ile mitatu iliyotangulia. Na kazi iliyopatikana haikuitwa kwa jina la Sayyid Abdallah. Inaitwa Takhmisi ya Liyongo.

Hapa basi pana kipimo chenye masharti matatu. Kwanza, maana ya asili isivunjwe. Pili, anayerudia alete kitu cha kwake, na kitu hicho kiingie mahali ambapo asili yenyewe ilipaacha wazi. Tatu, jina la mwenye asili libaki mlangoni. Kipimo hiki hakikutungwa kwa ajili ya muziki wa Marekani na Uingereza, lakini kinaupima kwa haki kuliko mabishano ya nani ana sauti kali na nani ana gita kubwa.

Mfano unaotajwa zaidi katika mabishano hayo ni "All Along the Watchtower". Bob Dylan aliurekodi mjini Nashville mwezi Novemba 1967, na albamu yake ya John Wesley Harding ikatoka mwishoni mwa Desemba mwaka huo huo. Rekodi hiyo ni kavu kwa makusudi: gita lisilo la umeme, kinanda cha mdomo, gita la besi na ngoma, basi. Haitimizi hata dakika tatu. Wimbo una beti tatu na hauna kiitikio. Mcheshi na mwizi wanazungumza. Mcheshi analalamika kwamba wengine wanajinufaisha kwa mali yake na hakuna ajuaye thamani ya chochote. Mwizi anamtuliza na kumkumbusha kuwa saa zimekwenda. Kisha, katika ubeti wa tatu, msikilizaji anapelekwa ghafla kwenye ngome yenye walinzi, na kwa mbali wanaonekana wapanda farasi wawili wakija. Wahakiki wengi wameuhusisha ubeti huo na sura ya 21 ya kitabu cha Isaya. Wimbo unaishia pale ambapo kisa cha kawaida kingeanzia. Nani wale wawili? Wanakuja na nini? Dylan hasemi. Anataja upepo, anapuliza kinanda chake, ananyamaza.

Kunyamaza huko ndiko kulikomfungulia Jimi Hendrix mlango. Mwezi Januari 1968, wiki chache tu baada ya albamu ya Dylan kutoka, Hendrix aliingia katika studio ya Olympic mjini London na kuanza kuurekodi wimbo huo. Dave Mason alipiga gita lisilo la umeme lenye nyuzi 12. Hendrix mwenyewe alipiga hata gita la besi. Kazi iliendelea baadaye mjini New York, na wimbo ukatoka mwaka huo huo wa 1968, ukiwemo katika albamu ya Electric Ladyland. Nchini Uingereza ulifika nafasi ya 5, na huko kwao Marekani nafasi ya 20, nafasi ya juu kuliko zote alizowahi kufikia huko kwa wimbo mmoja mmoja.

Hendrix alifanya nini? Maneno aliyaacha, mpangilio wa beti aliuacha, hata zile sauti tatu za gita zinazozunguka bila kupumzika tangu mwanzo hadi mwisho aliziacha. Alichotia kiko baina ya beti. Pale Dylan alipopuliza kinanda chake kwa muda mfupi kama mtu anayevuta pumzi, Hendrix aliweka gita la umeme, na baada ya ubeti wa pili akalipa nafasi ndefu iliyogawanyika sehemu kadhaa, kila moja ikiwa na sauti yake: moja inalia wazi, nyingine inateleza juu ya nyuzi kama kitu kinachopita angani, nyingine inatamka kama mdomo wa mtu usiokuwa na maneno. Ubeti wa tatu unapoingia baada ya hayo yote, wapanda farasi hawako tena mbali. Msikilizaji ameshawasikia wakija. Na upepo ambao Dylan aliutaja tu, akauachia fikra ya msikilizaji, Hendrix anauvumisha mpaka wimbo unafifia ndani yake. Hii ni takhmisi kamili: nyongeza imetangulia, na mshororo wa kale umepata uzito ambao ulikuwa nao ndani yake lakini haujatolewa nje.

Ingekuwa rahisi kuishia hapo na kumtangaza Hendrix mshindi, kama wafanyavyo wengi. Lakini hilo lingekuwa kosa, kwa kuwa kuna kitu kilichopotea njiani. Hofu iliyomo katika rekodi ya Dylan ni hofu ya utulivu. Sauti yake haipandi hata pale anapoona hatari, na kwa sababu haipandi, msikilizaji anabaki na shaka kama mwimbaji ameielewa hatari hiyo au ameizoea. Hendrix ameiondoa shaka hiyo. Katika rekodi yake dhoruba imeshafika, na aliye ndani ya dhoruba hana nafasi ya kujiuliza kama itakuja. Kwa hiyo kila rekodi ina kitu ambacho nyingine haina, na asikiaye moja tu amepata nusu. Huko ndiko kufikia asili kulivyo: wa pili anakaa ubavuni mwa wa kwanza bila kumwondoa kitini.

Ushahidi mzito zaidi wa jambo hili aliutoa Dylan mwenyewe. Hakuwa ameuimba wimbo huo jukwaani hata mara moja mpaka Januari 1974, alipoanza ziara yake mjini Chicago pamoja na kundi la The Band. Hendrix alikuwa ameshafariki, mwezi Septemba 1970, akiwa na miaka 27. Alipouimba, Dylan hakurudi kwenye ukavu wa Nashville. Aliuimba kwa nguvu na umeme, na miaka ya baadaye alikiri kwamba tangu kifo cha Hendrix amekuwa akiupiga kwa namna ya Hendrix. Tangu hapo ameupiga zaidi ya mara 2,000, mara nyingi kuliko wimbo wake wowote mwingine. Mtunzi ambaye mwaka 2016 alipewa Tuzo ya Nobel ya fasihi aliukuta wimbo wake umeongezwa chumba, akahamia ndani yake.

Mfano wa pili una sura tofauti, kwa kuwa ndani yake nyongeza ni ndogo mno kwa masikio, ilhali mabadiliko ni makubwa mno kwa maana. Mwaka 1994 Trent Reznor, kiongozi wa Nine Inch Nails, alikuwa hajafikisha miaka 30 alipofunga albamu ya The Downward Spiral kwa wimbo wa "Hurt". Sauti yake humo ni ya mnong'ono, muziki unakwaruza pembeni kama mashine iliyoharibika, na mwisho unamlipukia msikilizaji kwa kelele. Ni wimbo wa kijana anayejidhuru ili ajue kama bado anahisi. Mwaka 2002 Johnny Cash, mwenye miaka 70, mgonjwa na mwenye sauti iliyokwisha kukatika katika vipande, aliurekodi kwa usimamizi wa Rick Rubin kwa ajili ya albamu ya American IV. Aliweka magita yasiyo ya umeme na piano inayogonga kwa nguvu inayozidi, na katika maneno alibadili mahali pamoja tu, akaliondoa tusi na kuweka badala yake ishara ya mateso ya Kristo.

Je, neno moja linatosha kuwa takhmisi? Nyongeza ya Cash haimo katika neno. Imo katika umri. Reznor anapoimba juu ya kuwapoteza watu na kuachwa na vumbi la ufalme wake, kijana huyo anatazama mbele na kuogopa yatakayokuja. Cash anapoyatamka maneno hayo hayo, yote yamekwishakuwa. Wakati wa sarufi haukubadilika hata kidogo, lakini wakati wa maisha umegeuka: hofu imekuwa hesabu. Mishororo mitatu aliyoitanguliza mbele ya ile ya Reznor ni miaka 70 aliyoishi, na hakuna mwimbaji wa miaka 29 ambaye angeweza kuitunga.

Wapo wanaopinga, na hoja yao inastahili kusikilizwa. Wanasema kilichowaliza watu ni video iliyoongozwa na Mark Romanek, wala si uimbaji. Ndani yake Cash anaonekana nyumbani kwake, picha za ujana wake zikipita, mkewe June Carter akimtazama kutoka kwenye ngazi, na mwisho mzee huyo anaufunga mfuniko wa piano. June alifariki Mei 2003, na Cash akamfuata Septemba ya mwaka huo huo. Nani asingelia? Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, kwa maana picha na kifo huweza kuukopesha wimbo machozi usiyostahili. Lakini mtu afumbe macho na kuisikiliza sauti peke yake. Ataisikia ikishindwa kufika mahali ambapo zamani ilifika bila taabu, na atasikia kwamba mwimbaji hakujaribu kuuficha ushindi huo wa uzee juu yake. Video iliyathibitisha hayo; haikuyazua. Reznor mwenyewe, baada ya kuitazama, alisema alihisi kama wimbo huo si wake tena. Yalikuwa maneno ya mtu aliyeguswa, hayakuwa malalamiko, ingawa ndani yake mna uchungu wa mzazi anayemwona mwanawe akimwita mtu mwingine baba.

Ikiwa nyimbo hizo mbili zilikuwa na nafasi iliyoachwa wazi, zipo zisizoacha nafasi yoyote. Mfano wake umetoka kwa mtoto aliyezaliwa Unguja. Farrokh Bulsara, ambaye dunia inamjua kwa jina la Freddie Mercury, alizaliwa hapa tarehe 5 Septemba 1946, na mwaka 1975 alitunga "Bohemian Rhapsody" kwa ajili ya bendi yake ya Queen. Sehemu ya katikati ya wimbo huo, ile inayofanana na opera, ilijengwa studioni kwa Mercury, Brian May na Roger Taylor kuimba tena na tena juu ya sauti zao wenyewe, mpaka watu watatu wakasikika kama kwaya nzima. Matokeo yake ni kwamba hata Queen wenyewe hawakuweza kuifikia asili yao. Jukwaani walikuwa wakiondoka, kanda iliyorekodiwa ikapigwa, kisha wakarudi kwa sehemu ya mwisho yenye kishindo. Katika tamasha la Live Aid mwaka 1985 waliimba sehemu ya mwanzo tu. Wimbo wa Dylan ni tungo ambalo limepata kurekodiwa. Wimbo wa Mercury ni rekodi yenyewe, na kila pembe yake imejazwa. Wengi wameurudia, baadhi yao kwa ufundi mkubwa, lakini wengi wao huishia katika kuiga au katika mzaha, kwa sababu hawakuachiwa pa kusimama. Takhmisi huhitaji mlango, na kuna nyumba nzuri zilizojengwa bila mlango wa pili.

Sharti la tatu, la jina mlangoni, linaonekana dogo kwa wanaopima muziki kwa masikio tu. Kumbe ndilo lililoumiza watu. Mwaka 1952 Willie Mae Thornton, mwanamke Mweusi aliyejulikana kwa jina la Big Mama, alirekodi mjini Los Angeles wimbo wa "Hound Dog" aliotungiwa na vijana wawili, Jerry Leiber na Mike Stoller. Ulipotoka mwaka 1953 ulikaa wiki 7 kileleni katika orodha ya muziki wa Weusi. Ni wimbo wa mwanamke anayemfukuza mlangoni mwanamume mnyonyaji. Mbwa anayetajwa ni huyo mwanamume. Miaka mitatu baadaye Elvis Presley aliurekodi kwa maneno yaliyobadilishwa ambayo aliyasikia kwa kundi jingine lililokuwa likipiga Las Vegas. Mwanamume mnyonyaji ametoweka, mwanamke mwenye hasira ametoweka, na amebaki mbwa asiyeweza hata kuwinda. Rekodi ya Presley ina ngoma kali na gita lenye makali, na ingekuwa ubishi mtupu kukana nguvu zake. Lakini sharti la kwanza limevunjika: shauri lililokuwa ndani ya wimbo limetupwa na ganda limepigwa kwa kishindo. Ganda hilo, pamoja na wimbo wa upande wa pili wa santuri, lilikaa kileleni kwa wiki 11. Thornton alieleza baadaye kwamba yeye alipata hundi moja ya dola 500.

Hakuna sheria iliyovunjwa, na hapo ndipo penye funzo. Tangu sheria ya hakimiliki ya Marekani ya mwaka 1909, mtunzi akisharuhusu wimbo wake utolewe mara ya kwanza, yeyote mwingine aliweza kuurekodi kwa kulipa kiwango kilichowekwa, ambacho kwa miongo mingi kilikuwa senti 2 kwa kila nakala. Malipo hayo huenda kwa mtunzi na mchapishaji wake. Mwimbaji wa kwanza, ambaye koo lake ndilo lililoufanya wimbo uwe kitu cha kutamaniwa, hastahili kitu. Katika miaka ile ya 1950, ambapo vituo vingi vya redio vya Wazungu wa Marekani havikupenda kupiga sauti za Weusi, kampuni za santuri zilitumia mwanya huo kama biashara: wimbo wa Mweusi ukianza kupendwa, Mzungu huurekodi upesi. Little Richard alirekodi "Tutti Frutti" mwaka 1955. Pat Boone aliurudia kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo, na rekodi yake ikapanda juu kuliko ya mwenyewe katika orodha kuu. Leo hakuna anayeitafuta rekodi ya Boone isipokuwa kwa kutaka mfano wa kosa. Wakati umehukumu kwa haki, lakini hukumu ya wakati hailipi kodi ya nyumba. Asiyekuwepo na lake halipo.

Dhidi ya mwenendo huo pawekwe jambo dogo lililofanywa na Kurt Cobain. Novemba 1993, mjini New York, Nirvana walirekodi onyesho la magita yasiyo ya kelele, na miongoni mwa nyimbo walizoimba ulikuwamo "The Man Who Sold the World", wimbo wa David Bowie wa mwaka 1970 ambao vijana wengi wa wakati huo hawakuujua. Rekodi ya Nirvana ni nzuri, ina uchovu wa kweli mahali ambapo ya Bowie ina ubaridi wa kigeni. Ulipomalizika, Cobain aliwaambia waliohudhuria kuwa huo ulikuwa wimbo wa David Bowie. Hata hivyo, miaka iliyofuata Bowie alisimulia kuwa vijana humjia wakamsifu kwa kuimba wimbo wa Nirvana. Ikiwa jina lililotajwa waziwazi huweza kusahauliwa hivyo, lisilotajwa kabisa litakuwaje?

Swali la awali basi lina jibu, ingawa si jibu moja. Wimbo uliorudiwa huweza kuufikia wa asili, na Hendrix na Cash wameonyesha njia: kuingia kwa mlango ulioachwa wazi, kuleta kilichomo ndani ya maisha ya aingiaye, na kuuacha wimbo wa kwanza ukiwa hai zaidi kuliko ulivyokuwa. Hushindwa unapoiga, kwa kuwa kivuli hakimpiti mwenye kivuli, na hushindwa zaidi unapopora, hata ukiuzwa kwa mamilioni. Anayetaka kujua tofauti na afanye kama wafanyavyo wasomaji wa takhmisi: akishausikia wa pili, arudi kwa wa kwanza. Baada ya Hendrix, rekodi kavu ya Dylan inatisha kuliko mwanzo. Baada ya Cash, mnong'ono wa Reznor unasikika kama barua ya kijana kwa mzee ambaye bado hajawa. Baada ya Boone, mtu anamrudia Little Richard na kukuta hakuongezewa chochote, amepunguziwa ujira wake tu.

Sayyid Abdallah aliongeza mishororo mitatu kwa kila miwili aliyoikuta. Kwa hesabu, sehemu kubwa ya kazi ni yake. Jina la mlangoni limebaki la Liyongo. Dawa ya deni ni kulipa, na washairi wa pwani hii walilipa deni lao kwanza kabisa, katika anwani ya kazi.